Kuosha Gari Wakati wa Mvua

Tulilipia vyumba viwili, kwa siku mbili,
katika gesti yenye mapazia ya rangi ya chai ya jana.
"Mmetoka mbali?" akauliza mwenye kaunta.
Nikasema Nakuru. Sikusema
kwamba nilizaliwa papa hapa Webuye,
kwamba mgeni anayeandika jina lake kitabuni
alijifunza kuliandika hatua mia tatu kutoka hapo,
kwenye karatasi mbovu ambazo baba alileta kutoka kiwandani,
za kahawia, zenye makovu,
nyingi kuliko madaftari ya shule nzima.

Watoto walikuja na mipango yao.
Mukhwana alitaka maporomoko. Mulongo, pacha wake,
alitaka chochote asichokitaka Mukhwana.
Khisa, wa miaka minne, alitaka kitanda cha juu,
na gesti haina kitanda cha juu,
basi alilia mpaka ugali ukafika.

Jumamosi tukashuka Nabuyole.
Nzoia ilikuwa imekunywa mvua ya wiki nzima,
inanguruma, inajitupa miambani
kama mtu aliyekumbuka deni.
Tulisimama mbali, mkono kwa mkono, mnyororo wa watu watano,
na manyunyu yakatufikia usoni vilevile.
Mulongo akapiga kelele, maji yakaimeza.
Akapiga nyingine. Hakuna aliyemwambia nyamaza.
Alipiga kelele mpaka akachoka,
na sijawahi kumwona amechoka.

Sokoni, kumbikumbi kwa kikombe,
waliokaangwa, wanang'aa kama shanga za shaba.
Mama yao, mzaliwa wa Njoro, akageuza uso.
Khisa akamaliza vikombe viwili,
akauliza kama mabawa yanauzwa kando.
Tukatafuna miwa karibu na reli,
tukahesabu mabehewa ya treni ya mizigo:
mimi arobaini na moja, pacha thelathini na tisa.
Kesi hiyo bado haijaamuliwa.

Jumapili, Chetambe. Tulipanda polepole,
Khisa mabegani, viatu vyake vikinipiga kifuani.
Nikawaeleza habari za mababu waliojichimbia handaki kilimani,
na bunduki zilizowafuata.
"Tulishinda?" akauliza Mukhwana.
"Hapana."
Akaangalia mashamba, akamwangalia nduguye, akaniangalia mimi,
kama anayehesabu mabehewa.
"Lakini tuko," akasema.

Kutoka juu, mji ni mabati na mikaratusi,
na bomba refu la kiwanda, siku hiyo bila moshi.
Nikawaambia jinsi lilivyonuka zamani,
mayai viza na kabichi iliyosahaulika,
wasafiri wa barabara kuu wakiziba pua,
nasi, tukirudi usiku tumelala kwenye kiti,
tukiamshwa na harufu hiyo: fungasha, umefika.
"Na nyumba yenu ni ipi?"
Nikanyoosha kidole. Kidole hakikupata kitu.

Siku hizi ni pahali pa kuoshea magari.
Tulipofika mvua ilikuwa imeanza,
na kijana mwenye buti za mpira akacheka:
"Mzee, hii Mungu anakuoshea bure."
"Osha tu," nikamwambia.
Tukajikinga chini ya kibanda cha mabati.
Pale unapoviringishwa mpira wa maji ndipo kilipokuwa kitanda chetu,
wavulana wanne, kichwa huku, miguu kule.
Pale penye ndoo za sabuni, mama alisongea sima.
Sikuyasema haya kwa sauti. Labda niliyasema.
Mke wangu alitoa pesa mwenyewe,
akaongeza hamsini, hakuniuliza neno.

"Na mlango?" akasema Mulongo.
Nikaonyesha ukingo wa saruji.
Khisa akaenda mpaka pale, mvuani,
akainama, akavua viatu,
akavipanga vizuri, kisha akaingia.

Soksi zake hazikukauka mpaka Eldoret.